Ila ya Kitu na Ila ya Mtu

Ila hazikosekani katika kazi ya mikono ya wanadamu. Nyumba hupata ufa, nguo huchakaa, na chombo cha mwendo huchoka kama mnyama aliyebeba mizigo siku nyingi. Hayo si ajabu wala si dhambi. Lakini kitu chenye ila kitokapo katika mkono mmoja kuingia katika mkono mwingine kwa bei, huzuka swali ambalo wenye hekima wamelizungumza tangu zamani: je, muuzaji anawiwa kusema yote ayajuayo, au yatosha asiseme uongo? Nataka kulipima swali hili kwa kisa changu mwenyewe, maana nililikabili kwanza nikiwa mtu aliyefichwa, kisha nikalikabili nikiwa mtu awezaye kuficha.

Kisa hiki ni cha Tunduma, na mahali penyewe pana maana. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam huishia hapo upande wetu, na hatua chache mbele ni Nakonde, nchi ya Zambia. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, hupita papo hapo. Malori husimama kwa safu ndefu, na motokaa zilizotumika, zilizoshushwa katika bandari ya Dar es Salaam, huvuka kwenda Zambia na Kongo. Katika mji wa namna hii muuzaji na mnunuzi aghalabu huonana mara moja tu. Kijijini, mtu aliyeuza mbuzi mgonjwa atakutana na mnunuzi kisimani, msibani na arusini, na haya itamfundisha kusema kweli. Mpakani haya haina pa kukaa. Mtu akisema kweli hapo, husema kwa sababu ya kweli yenyewe.

Nilinunua Tunduma motokaa yangu ya kwanza ya michezo, MGB ya mwaka 1964, ya viti viwili na paa la turubai. Motokaa za namna hiyo zilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia mwaka 1962 hadi 1980. Nilikuwa nimeitamani tangu utoto. Muuzaji aliiwasha, nikaizungusha mitaani, nikasikia injini ikinguruma vizuri na sanduku la gia likiwa kimya. Kimya kile ndicho kilichoninunulisha. Niliuliza, “Gia zake ni nzima?” Naye akajibu, “Ndugu yangu, si unasikia mwenyewe?” Sikugundua kwamba sikujibiwa.

Siku ya tatu nilielekea Mbeya. Penye mteremko wa Mlima Senjele, ambao madereva wa njia hiyo wanaujua kwa ajali zake, nilitaka kutoka gia ya tatu kuingia ya pili ili injini inisaidie kuzuia mwendo. Gia ya pili ilikataa. Ilisaga meno, ikarudisha mkono wangu, na motokaa ikabaki huru bila gia yo yote, mbele yangu lori na nyuma yangu lori. Breki peke yake ndiyo iliyoniokoa. Hapo nilielewa kuwa mtu aliyenificha habari hakuchukua fedha zangu tu. Aliweka rehani uhai wangu, na uhai wa wengine ambao hawakuwa na habari ya biashara yetu.

Nilirudi polepole kwa fundi mmoja mzee wa Tunduma. Alitazama kwanza oili ya klachi, kwa kuwa klachi isiyoachia vema husaga gia hata kama sanduku ni zima. Haikuwa na kasoro. Kisha akafungua sanduku la gia, akachovya kidole, akakinyanyua. Oili ilining’inia kama asali.

“Mwanangu,” alisema, “hii ni oili nzito ya difu. Sanduku hili huwekwa oili ya injini. Aliyeitia hii alitaka beringi zilizochoka zisipige kelele.”

“Basi, mzee wangu, ndiyo iliyoharibu gia ya pili?”

“Imezidisha. Uzito huu hauziachi pete zishike upesi, na baadhi ya oili hizi zina dawa ya salfa inayokula shaba.”

Maneno yake yataka maelezo kidogo. Meno ya gia hayaumani kimya mpaka yazunguke kwa mwendo mmoja. Kazi ya kuyalinganisha hufanywa na pete ndogo za shaba ya manjano, ambazo husuguana na gia kabla meno hayajakutana. Katika MGB za miaka ile, gia ya pili, ya tatu na ya nne zina pete hizo. Gia ya kwanza haina. Ilipata yake katika motokaa zilizoanza kutengenezwa mwishoni mwa mwaka 1967. Kwa hiyo gia ya kwanza ya motokaa yangu husaga ikiingizwa kabla haijasimama, isipokuwa dereva akanyage klachi mara mbili na kuipa injini mwendo katikati.

Nilijifunza basi kutenganisha mambo matatu niliyokuwa nikiyaita kwa jina moja. Kelele ya gia ya kwanza ilikuwa ni umbile la chombo na ujinga wangu. Ukaidi wa gia ya pili ulikuwa ni uchakavu, nao ni haki ya kila kitu kilichoishi miaka mingi. Lakini oili nzito haikuwa umbile wala uchakavu. Ilikuwa nia. Ila mbili za kwanza zilikuwa za kitu. Ya tatu ilikuwa ya mtu, imemiminwa ndani ya kitu. Tena ilikuwa ndiyo iliyokuwa ikizidisha uharibifu.

Cicero wa Roma, katika kitabu cha wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anaeleza mabishano ya wanafalsafa wawili, Diogenes na Antipater. Diogenes alishika kuwa muuzaji hutimiza wajibu akitaja ila ambazo sheria yamlazimisha kuzitaja. Mengine ni juu ya mnunuzi mwenye macho. Antipater alishika kuwa anayejua humwia asiyejua, kwa sababu wote ni wana wa jamii moja. Katika Uislamu pia mnunuzi aliyekuta ila iliyofichwa ana hiari ya kurudisha kitu. Simdharau Diogenes. Hakuna biashara itakayoendelea ikiwa muuzaji lazima awe mwalimu wa kila mnunuzi, na bei ya kitu kikuukuu yenyewe hunena kuwa kimechoka. Muuzaji wangu angalikaa kimya juu ya gia ya kwanza, nisingalimlaumu. Hayo ningeweza kuyasoma. Lakini kunyamaza ni kuacha macho ya mwenzio yafanye kazi. Kuficha ni kuyafumba. Mwenye kuficha hawezi kumwambia mnunuzi kuwa angetazama, ilhali yeye ndiye aliyemzuia asione.

Hata hivyo sitajitoa lawamani. Sikulala chini kutazama, sikumwita fundi, sikuiendesha mlimani. Nilitaka motokaa iwe nzima, basi nikaisikia nzima. Muuzaji alinificha nusu. Nusu nyingine nilijificha mwenyewe.

Ilinipasa kulipia matengenezo. Katika MGB sanduku la gia halitoki peke yake. Hutolewa pamoja na injini, na pete na beringi huagizwa kutoka ng’ambo. Wakati nikisumbuka na hesabu hiyo, alikuja mtu kutoka ng’ambo ya mpaka, akaipenda motokaa kama nilivyoipenda mimi. Oili ile nzito ilikuwa bado ndani. Sikuhitaji kutenda neno lo lote. Nilihitaji kunyamaza tu, naye angevuka Nakonde nisimwone tena. Nakiri kuwa nilinyamaza muda wa kutosha kuijua ladha yake. Nilijiambia kuwa mimi sikuimimina. Lakini nilipokumbuka Senjele niliona kuwa uficho ni kama deni la kurithi: mtu anayeujua na kuupitisha mbele ameutia sahihi yake.

Nilimweleza yote. Alinishukuru, akaenda zake, wala hakurudi. Kweli ilinigharimu mnunuzi, na gharama ya matengenezo ikabaki juu yangu. Wasemao kuwa uaminifu hulipa sikuzote huenda hawajapata kuuza cho chote mpakani. Mimi nasema tu kwamba fedha zile zingalinirudishia hasara ya motokaa kwa kunitia hasara nyingine isiyo na fundi.

Sasa gia ya pili huingia bila ugomvi. Gia ya kwanza ingali ikisaga nikiwa na haraka, nami siihesabu tena kuwa ila ya motokaa.