Wazazi wa Yule Kipofu

Somo: Yohana 9



Kuna ugonjwa adimu unaoanza na uvimbe, pengine mdogo kama punje ya hindi, kwenye kongosho au mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Uvimbe huo humwaga homoni ya gastrini, nayo hulisukuma tumbo litoe asidi kupita kiasi. Vidonda huchimbika, hutibiwa, hurudi. Mgonjwa huharisha na kukonda. Robert Zollinger na Edwin Ellison, madaktari wa upasuaji huko Ohio, Marekani, waliueleza mwaka 1955 kutokana na wagonjwa wawili, na hadi leo unaitwa kwa majina yao.

Kwa baadhi ya wagonjwa gastrini hiyo huchochea uvimbe mwingine kwenye ukuta wa tumbo lenyewe. Hao ni hasa wale waliozaliwa na hitilafu katika jeni iitwayo MEN1, iliyotambuliwa mwaka 1997. Mzazi akiwa na hitilafu hiyo, kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi.

Katika somo letu, wanafunzi wa Yesu walipomwona kipofu walitaka kujua mwenye dhambi ni nani, yeye au wazazi wake. Yesu alilikataa swali lenyewe. Sisi bado tunaliuliza: mtu akitibiwa vidonda vya tumbo miaka bila kupona, minong'ono huanza kwamba ukoo ule una laana. Inaniumiza kwamba minong'ono hiyo husikika hata mlangoni mwa kanisa.

Wazazi wa yule kipofu walipohojiwa jinsi mwana wao alivyopata kuona, walimwachia mwenyewe ajibu, kwa kuogopa kufukuzwa katika sinagogi. Siwalaumu. Waliowazunguka walikuwa wamekwisha kuhukumu, nani angethubutu kusema? Lakini ukimya wa namna hiyo ndani ya ukoo wenye hitilafu ya MEN1 unagharimu sana. Mara nyingi dalili ya kwanza haiko tumboni kabisa: ni kalisi kuzidi katika damu, kwa sababu ya tezi ndogo za shingoni, na mawe kwenye figo. Mjomba aliyesumbuliwa na mawe, shangazi aliyepasuliwa shingo, baba mwenye vidonda visivyopona: daktari akisikia habari zao pamoja, anajua apime nini kwa watoto, na uvimbe unaweza kuonekana mapema.

Wazazi wenzangu, zungumzeni na watoto wenu kuhusu magonjwa ya ukoo. Mkiona ni vigumu kuanza, niiteni nyumbani, tukae nao pamoja.