Kidonge Chini ya Godoro: Dawa au Dhambi?



Mke amekaa miezi minne bila kuona siku zake. Uso umejaa chunusi, ndevu zimeanza kuchomoza kidevuni, na mimba haiji. Anakwenda hospitali, anapimwa, anaambiwa ana ugonjwa uitwao PCOS, kisha anaandikiwa vidonge vya kupanga uzazi. Njiani anajiuliza: “Mimi natafuta mtoto, tena ni Mkatoliki. Mume wangu nitamwambia nini?” Akifika nyumbani anavificha chini ya godoro.

Hata kwetu Kitui na Makueni wapo wanaobeba mzigo huu kimya kimya. Tuutazame pamoja.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba huwapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na wengi hawajui kuwa wanao. Homoni za kiume huzidi mwilini, mayai hayakomai kwa wakati wake, na mara nyingi ovari huonekana katika picha zimejaa vifuko vidogo vidogo. Si laana, si uchawi, wala si adhabu ya mambo ya ujana.

Sasa swali la dhamiri. Waraka wa Baba Mtakatifu Paulo VI wa mwaka 1968, Humanae Vitae, ndio huo huo unaokataza kuzuia mimba. Lakini kifungu cha 15 chaeleza kwamba si haramu kutumia tiba inayohitajika kuponya mwili, hata ikitazamiwa kwamba itazuia uzazi, mradi kuzuia huko kusiwe ndilo kusudi. Basi mke anayemeza vidonge ili apate siku zake, na ukuta wa tumbo la uzazi usinenepe mno hata kuleta hatari ya saratani, anajitibu. Asihukumiwe.

Hata hivyo, kuruhusiwa si sawa na kutosha. Vidonge hivyo hutuliza dalili, lakini kwa kawaida anayevimeza hatashika mimba. Kwa hiyo mwulizeni daktari: “Kuna njia gani nyingine?” Zipo.

Ya kwanza iko jikoni na njiani. Mke mwenye uzito mwingi akipunguza hata kilo 5 katika kila 100, huenda siku zake zikarudi. Isyo, ndengu na mboga ni bora kuliko soda, mandazi na chai ya sukari nyingi. Mume naye ale chakula hicho hicho, watembee pamoja. Ya pili ni metformini, dawa ya kisukari, ambayo husaidia mwili kutumia sukari vizuri. Ya tatu ni projesteroni ya siku chache, ili damu itoke. Kwa anayetafuta mtoto, madaktari siku hizi huanza na letrozoli, imezwayo siku tano mwanzoni mwa mzunguko, baada ya kuhakikisha hana mimba. Usishtuke ukisoma kwamba ni dawa ya saratani ya matiti. Pia husaidia yai kukomaa. Dawa zikishindwa, upo upasuaji mdogo wa ovari. Zote hizi hazigongani na mafundisho ya Kanisa, kwa kuwa zinausaidia mwili wa mke ili tendo la ndoa lizae. Kutungisha mimba katika maabara ni jambo jingine, ambalo Kanisa lilikataa katika hati Donum Vitae ya mwaka 1987.

Na wewe mume, usimtume mkeo peke yake. Kasoro yaweza kuwa kwako, au kwenu wote wawili. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Na je, mtoto asipopatikana? Hapo ndipo ndoa nyingi hujaribiwa. Mama mkwe anaanza kunong’ona. Mmoja anataja mke wa pili. Mwingine anakumbusha desturi yetu ya iweto, ambapo mke asiye na mtoto humwoa mwanamke mwingine ili amzalie. Wazee walitaka nyumba isizimike, na hamu hiyo ni ya heshima. Lakini mlipoahidiana mbele ya altare, mume hakuahidi kumpenda mkeo mpaka ukoo utakapolalamika. Kanuni ya 1084 ya Sheria ya Kanisa yasema wazi kwamba utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Mtoto ni zawadi, si deni ambalo mke analipa kwa ukoo. Anayemdai mkewe mtoto kama deni amekwisha kumgeuza kuwa kifaa, hata kama watoto watakuja kumi.

Basi leo usiku, mama, vitoe vidonge chini ya godoro. Nawe baba, kabla ya kuuliza ni vya nini, uliza: “Umeteseka peke yako tangu lini?” Kesho mwende hospitali wawili.