Je, Muuzaji Anyamaze?



Mkulima wa Mbekenyera, wilayani Ruangwa, apelekapo korosho zake ghalani, zinapimwa unyevu na kupangwa madaraja. Akiisha kulipwa, huenda akanunua gari lililokwisha tumika. Na hapo hakuna apimaye. Mwenye gari ajua kwamba injini yala oili. Haulizwi, naye hasemi. Je, amedanganya?

Wako wasemao, "Mnunuzi ana macho." Hata Sheria ya Mauzo ya Bidhaa humdai mfanyabiashara bidhaa ifaayo, lakini mnunuzi aliyekagua haimkingi na kasoro ambayo ukaguzi wake ungepaswa kuifichua.

Lakini tukumbuke habari ya Mtume Muhammad s.a.w. sokoni. Alitia mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vikapata majimaji. Mwenye mali akajitetea kwamba ilinyeshewa na mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimwuliza mbona iliyolowa hakuiweka juu, watu wakaiona. Angalia: yule hakuwa ametamka uongo wowote! Lundo lenyewe lilipangwa liseme badala yake, kama gari lipakwalo rangi mpya juu ya kutu.

Akisema kweli, bei itapungua, hapana shaka. Lakini fedha hiyo angeipata kwa mtu asiyejua kuwa anaitoa. Basi wewe uuzaye, taja kasoro kabla ya bei. Nawe ununuaye, njoo na fundi wako mwenyewe, uliza mbele ya mashahidi, na majibu yaandikwe katika hati ya mauzo.