JE, YUPO ALIYERUDI KUTOKA KABURINI?



Usiitupe karatasi hii kwanza. Najua umepewa wakati unapita zako, labda pale uwanjani kwenye mkutano, labda stendi ya Mikumi unasubiri gari la Kilosa. Sikuombi uamini kitu. Nakuomba dakika kumi tu, muda ule ule wa kusubiri abiria wajae.

Nataka tuongee juu ya lile swali ambalo hulitoi mbele ya wazee. Kijiweni mnalisema kwa utani: "Hivi Mungu yupo kweli? Na mtu akifa ndiyo basi, au?" Mchana mnacheka. Lakini siku ile mliyomzika mshikaji wenu aliyegongwa na lori kwenye barabara ya Zambia, usiku wake hakuna aliyecheka. Ulilala unaangalia bati, ukajiuliza: YUKO WAPI SASA?

Pengine mtu alikwambia kuuliza hivyo ni dhambi. Si kweli! Katika Biblia yuko Tomaso, mwanafunzi wa Yesu kabisa, aliyesema wazi kwamba hatasadiki mpaka aone alama za misumari na kutia kidole chake humo. Je, Yesu alimfukuza? Hata! Alikuja siku nane baadaye, milango ikiwa imefungwa, akamwonyesha mikono (Yohana 20). Mungu anayeogopa maswali ya kijana wa Kidato cha Nne huyo si Mungu, ni sanamu. Kwa hiyo uliza. Na mimi nitajitahidi kukujibu bila longolongo.

NYAYO SHAMBANI

Wewe unayekaa karibu na Hifadhi ya Mikumi unajua habari ya tembo. Mkulima anaamka asubuhi, anakuta mahindi yamelala chini, mgomba umeng'olewa, na kwenye matope kuna nyayo pana kama sinia. Tembo mwenyewe hakumwona. Sasa hebu mwambie yule mzee: "Babu, ni upepo tu huo." Atakuangalia mara mbili!

Dunia nayo ina nyayo. Wako wanaosema sayansi imemfukuza Mungu. Lakini je, unajua nani alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha kwamba ulimwengu unatanuka, na ya kuwa ulikuwa na mwanzo? Ni Georges Lemaître wa Ubelgiji, mtaalamu wa hesabu na fizikia, aliyeandika hayo mwaka 1927 na kuyaendeleza miaka iliyofuata. Naye alikuwa padri! Leo wataalamu wanahesabu mwanzo huo kuwa ni miaka kama bilioni 13.8 iliyopita. Kitu kilichoanza kimeanzishwa na nini?

Halafu kuna nyayo nyingine, hizi ziko ndani yako wewe. Mwezi Desemba mwaka 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, hapa hapa Kilosa, ugomvi wa ardhi kati ya wakulima na wafugaji uliishia kwa watu 38 kuuawa, wakiwemo wanawake na watoto. Kila anayeisikia habari hiyo moyo wake unasema: HAPANA, hii ni haramu! Haijalishi ni mkulima au mfugaji, ni Mkristo, Mwislamu au hana dini. Swali langu ni hili. Kama hakuna Mungu, na kama mtu akifa ameisha kama moto wa kuni, basi wale 38 wameisha, na waliowaua nao wataisha, na hesabu imefungwa. Moyo wako unakubali? Wangu haukubali. Ndani yetu kuna kitu kinachodai hukumu iliyo kubwa kuliko mahakama ya wilaya.

Lakini niseme kweli: nyayo zinakuonyesha kwamba kuna aliyepita. Hazikwambii anakupenda au anataka kukukanyaga. Kwa hilo inabidi mwenyewe ajitokeze.

"SASA MBONA MAFURIKO?"

Hapa ndipo wengi mnapokwama, na nawaelewa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, mto Mkondoa ulivunja tuta ukaingia Kilosa. Maelfu walipoteza nyumba, wakalala kwenye mahema. Reli ya kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Wewe pengine ulikuwa mdogo, ukabebwa mgongoni. Mungu alikuwa wapi?

Wapo wahubiri wanaojibu haraka haraka: eti waliopatwa walikuwa na dhambi zaidi. Ndugu yangu, Yesu alilikataa jibu hilo! Mnara wa Siloamu ulipowaangukia watu kumi na wanane wakafa, aliwaambia wasikilizaji wake kwamba marehemu wale hawakuwa wakosaji kuliko watu wengine wa Yerusalemu, bali kila mtu aiangalie roho yake (Luka 13). Mhubiri anayewanyoshea kidole waliozama, kwa hilo yuko upande gani? Si upande wa Yesu.

Kwa nini Mungu aliruhusu mto ule, sina jibu la kukupa katika karatasi ndogo kama hii, wala sitakutungia. Ninalojua ni kwamba Yesu alipofika kaburini kwa Lazaro hakutoa mhadhara. ALILIA. Halafu akamwita maiti atoke.

JIHADHARI NA USHAHIDI WA BANDIA

Hapa utashangaa, maana sisi Wapentekoste ndio tunaosifika kwa miujiza. Naam, tunaamini Mungu anaponya, na wako walioombewa wakapona. Lakini usiuze akili zako kwa kila anayepiga kelele kwenye spika!

Mwaka 2011 nchi nzima ilikimbilia kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita na kilomita. Wengine walifia njiani. Tarehe 1 Februari 2020, pale Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Na mwaka 2023, kwa jirani zetu Kenya, msitu wa Shakahola ulifukuliwa na miili zaidi ya 400 ikatolewa, watu walioaminishwa kwamba wakijinyima chakula watamwona Yesu. Inauma mpaka kwenye mifupa.

Ukiniambia, "Kwa sababu hiyo mimi siamini," nitakwambia una haki ya kukasirika. Lakini noti bandia si dalili kwamba noti halali haipo. Ni dalili kwamba ipo, na ina thamani, ndiyo maana wanaiiga. Kazi yako ni kuishika kwenye mwanga uikague. Haya, tuikague.

MASHAHIDI

Watu husema: "Nani amekwenda kuzimu akarudi kutuhadithia?" Ni swali zuri! Ukristo wote umesimama au umeanguka hapo. Mtume Paulo mwenyewe aliandika kwamba kama Kristo hakufufuka, imani yetu ni bure (1 Wakorintho 15). Basi tuliweke jambo hili barazani kama kesi nyingine yoyote, tusikilize mashahidi.

Kwanza, Yesu alikuwepo kweli? Tacitus, mwandishi wa historia wa Kirumi aliyewadharau Wakristo kabisa, aliandika kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato. Huyo si rafiki yetu, hakuwa na sababu ya kutupendelea.

Pili, nani aliwaona malaika na kaburi tupu kwanza? Wanawake. Siku zile ushahidi wa mwanamke ulihesabiwa hafifu. Mtu anayetunga hadithi ya uongo angemweka mzee wa heshima pale kaburini, siyo akina mama. Waliandika wanawake kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Tatu, na hapa naomba utulie. Paulo aliandika ile barua kwa Wakorintho kama miaka 20 na kidogo tu baada ya Yesu kufa. Anasema Yesu alionekana kwa Petro, kwa wale kumi na wawili, kwa watu zaidi ya mia tano kwa pamoja, na kwamba WENGI WAO BADO WAKO HAI. Maana yake: nendeni mkawaulize!

Wewe jaribu kitu kimoja. Simama leo sokoni Kilosa utangaze kwamba yale mafuriko ya 2010 hayakutokea. Utamaliza sentensi? Mama muuza nyanya atakuonyesha maji yalipofika ukutani. Au tangaza kwamba siku ile reli haikukatika bali ilipaa juu ikaruka hadi Dodoma. Watakucheka mpaka wakae chini. Miaka 20 ni mingi, lakini si mingi kiasi cha kuwafunga midomo waliokuwepo. Paulo aliyasema maneno yake mashahidi wakiwa bado sokoni.

Na huyo Paulo alikuwa nani? Alikuwa mtesaji wa Wakristo! Yakobo, ndugu yake Yesu, naye hakumwamini alipokuwa hai (Yohana 7). Hebu fikiri, ingekuwa vipi kaka yako wa kitanda kimoja aseme yeye ni Masihi? Ungemwamini? Lakini baadaye tunamkuta Yakobo ni kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, na Josephus, mwandishi wa Kiyahudi, anasimulia kwamba alipigwa mawe. Ilikuwa mwaka 62. Nini kilimgeuza? Paulo anatuambia: Yesu alimtokea Yakobo.

Sasa nasikia mwerevu mmoja kijiweni akinirukia: "Mchungaji, hata wale wa Shakahola walikufa kwa imani yao!" Umesema vizuri, bwana. Mtu anaweza kufa kwa uongo ALIODANGANYWA. Lakini nani anakubali kufa kwa uongo ALIOUTUNGA MWENYEWE? Petro na wenzake hawakusema, "Tumeambiwa." Walisema wamemwona, wamekula naye samaki. Kama ni usanii, wao ndio waliokuwa wasanii, na wanajua. Wanaume hao hao usiku wa kukamatwa kwake walikimbia, Petro akamkana mbele ya kijakazi. Majuma machache baadaye wanasimama Yerusalemu, mji ule ule, wanapigwa viboko na hawanyamazi. Yakobo mwana wa Zebedayo akauawa kwa upanga (Matendo 12). Waliona nini katikati hapo?

MTU WA HUKU KWETU

Usidhani ni habari za zamani tu. Festo Kivengere alikuwa mwalimu kijana kusini-magharibi mwa Uganda, ameiacha imani, yuko na pombe yake. Miaka ya 1940 mwanzoni, katika uamsho uliozunguka Afrika Mashariki, Yesu akamkamata. Baadaye akaja kufundisha Dodoma, mji wa reli hii hii yetu. Mwaka 1977, akiwa askofu, rafiki yake Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kivengere na mkewe walivuka milima kwa miguu usiku kwenda Rwanda. Je, aliandika kitabu cha laana? Aliandika kitabu ambacho jina lake lenyewe linasema anampenda Idi Amin. Mtu anayeamini kwamba kaburi ni mwisho hapati nguvu hiyo kirahisi. Luwum kwake hakuwa amepotea. Alikuwa ametangulia.

KIDATU

Unaijua ile reli ya zamani kutoka Kilosa, ikapita Mikumi, ikafika Kidatu? Ina upana wa mita moja. TAZARA nayo imepita Kidatu, lakini upana wake ni milimita 1,067. Tofauti ni vidole vichache tu! Hata hivyo behewa halivuki. Mzigo lazima ushuke, upakiwe upya upande wa pili.

Ushahidi, kijana, unakufikisha Kidatu. Mimi siwezi kukusukuma zaidi ya hapo, wala mwalimu wako wa sayansi hawezi. Ukishafika unashuka kwenye behewa lako la zamani na kupanda la Yesu, au unabaki jukwaani. Dhambi zako unazijua mwenyewe, sikuandikii orodha.

Huna haja ya kusubiri mashaka yaishe yote. Kuna baba mmoja aliyekuwa na mtoto mgonjwa, alimwambia Yesu kwamba anaamini, na papo hapo akaomba asaidiwe kutokuamini kwake (Marko 9). Nusu imani, nusu mashaka! Na mtoto akapona. Basi kama moyo wako umeguswa, popote ulipo, hata ndani ya gari, sema hivi kwa sauti ya chini:

"Mungu, sina hakika kama unanisikia. Lakini kama Yesu alifufuka kweli, nataka kumjua. Nimekosa mengi. Nisamehe kwa ajili yake, uniongoze. Niko tayari kuonyeshwa. Amina."

Kisha tafuta Injili ya Yohana. Ina sura 21, soma moja kila jioni, zitakutosha wiki tatu. Maswali yako yaandike pembeni kwa penseli, uyalete kwa yule aliyekupa karatasi hii, na usimwonee haya. Akikuomba hela ili akujibu, ondoka utafute mwingine.

Ukimaliza kusoma, mpe aliyekaa kiti cha pili.