Ni Nani Aulipiaye Mchezo?

Juma hili, katika duka la kinyozi hapa Kitengela, nilimwona baba mmoja akiingia kwa ghadhabu, akamnyang'anya mwanawe mashine ndogo ya michezo aliyokuwa ameishika kwa mikono miwili, akaitia mfukoni mwa koti, na kumwambia mbele ya watu wote: "Leo ni puli, kesho ni chupa!" Kijana, ambaye sidhani kama ametimiza miaka kumi na sita, aliinamisha kichwa asijibu, na waliokuwa wakingoja zamu zao wakaitikia kwamba mzee amesema kweli. Tangu hapo neno lile halijanitoka akilini.

Kabla baba hajafika nilikuwa nimeketi ubavuni mwa kijana yule, nikiutazama mchezo wake. Mashine ilikuwa PSP, ile ambayo Sony iliitoa kwanza huko Japani mwezi wa Desemba 2004, nayo ilikuwa kuukuu hata rangi imebanduka mahali palipozoea vidole gumba. Ndani ya kioo palikuwa na meza ya kijani, mashimo sita, mipira kumi na mitano na ule mweupe wa kugongea. Kijana aliuzungusha mstari wa shabaha kidogo kidogo, akaurudisha, akaupeleka tena. Kisha akabonyeza kitufe, akangoja kipimo cha nguvu kipande hadi nusu, akaachia. Mpira mweupe ulipiga ukingo, ukarudi kwa pembe ile ile aliyoikadiria, ukausukuma mwekundu shimoni, halafu ukajongea taratibu na kusimama pale pale alipoutaka kwa ajili ya pigo la pili. Hakushangilia, bali alianza kupima upya. Nami niliona mbele yangu hesabu na subira, mambo mawili ambayo walimu wetu hutoka jasho kuyafundisha.

Sikanushi kwamba hofu ya baba yule ina asili yake. Katika mji huu puli na pombe hukaa nyumba moja: meza imewekwa baa, sarafu inatumbukizwa, mipira inashuka kwa mngurumo, dau linawekwa, na mfanyakazi aliyetoka viwandani Athi River na mshahara wa mwezi mfukoni hujikuta usiku wa manane hana nauli wala unga wa kupeleka nyumbani. Majirani zetu Tanzania nao waliliona hilo, hata mwaka 2016 Rais John Magufuli akawakemea hadharani vijana wanaocheza puli asubuhi ilhali wenzao wako kazini. Lakini hasira, hata ikiwa na haki, yapasa ijue inampiga nani.

Kipimo changu ni kimoja, nacho nadhani ni cha insafu: mchezo uhukumiwe kwa kumtazama yule asiyecheza, tuone ametozwa nini. Biliadi, ambayo puli ni mtoto wake, ilipokuwa anasa ya mabwana wa Ulaya na Marekani katika karne ya 19, mipira yake bora ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe laini zilizopendwa mno na mafundi zilitoka Afrika ya Mashariki, zikabebwa mabegani na wapagazi, baadhi yao watumwa, hata zikafika pwani na kupakiwa majahazini na merikebuni. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani iliyokata nchi ya Wamaasai ilitua Ngong, ambayo leo imo katika Kaunti ya Kajiado, ili kununua chakula kabla ya kuendelea kuzitafuta pembe hizo. Pembe moja ilitoa mipira michache tu. Basi kila burudani ya jioni kule London ilikuwa na mnyama aliyelala porini huku kwetu, na binadamu aliyechubuka mabega, ambao hawakuiona meza hiyo maishani mwao.

Ndovu walipoanza kuadimika, watengenezaji wa meza za biliadi nchini Marekani walitangaza, katika miaka ya 1860, zawadi ya dola 10,000 kwa atakayevumbua kitu badala ya pembe, na katika jitihada hizo John Wesley Hyatt akaja na seluloidi, aliyoipatia hataza mwaka 1870. Hata hivyo biashara ya pembe haikukoma, kwa kuwa walaji wengine walikuwapo, hata Julai 1989 Rais Moi akateketeza tani 12 katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, inayopakana kwa kusini na nyanda zetu za Kitengela. Na tarehe 30 Aprili 2016 zikateketezwa humo humo tani 105. Mwaka ule wa moto wa kwanza, 1989, ndipo Nintendo ilipotoa mashine yake ndogo ya michezo, Game Boy, na watoto wengi duniani wakaanza kubeba michezo viganjani mwao.

Sasa niulize: mpira wa nuru uliomo katika PSP ya kijana yule umemuua ndovu gani wa Amboseli, umemlaza njaa mtoto wa nani, umekula dau la nani? Atakayenijibu kwamba unakula muda na macho, nitamkubalia, na dawa yake ni saa maalumu na masomo kwanza. Atakayeniambia kwamba utamvuta kijana hadi baa, nitamkumbusha kwamba Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inamzuia aliye chini ya miaka 18 kuingia mahali pombe inaponywewa, na kwa kuwa meza zetu karibu zote ziko huko, mtoto aliyeupenda mchezo huu hana mlango wa halali ila ule wa mashine. Ukiufunga huo, umemwachia ule wa nyuma. Na atakayedai kwamba mchezo wowote ni uvivu, awaendee wazee wa Kimaasai wanaocheza enkeshui, bao lao la mashimo na kokoto, awaulize kama akili zao zimepungua kwa kuhesabu.

Lipo jambo moja tu ambalo mashine haiwezi kulitoa, nalo ni mwenzako aliyesimama upande wa pili wa meza, ambaye ukimshinda humkejeli na akikushinda humnunii. Adabu hiyo hufunzwa na watu. Kwa hiyo naiomba Kaunti ya Kajiado iweke meza za puli katika kumbi za jamii, Kitengela, Isinya na Kajiado mjini, mahali pasipouzwa pombe wala kuwekwa dau, vijana wacheze mchana chini ya macho ya wazee. Nanyi wazazi wenzangu, mkitaka kupiga marufuku, anzeni na dau, mfuatishe na chupa. Mchezo wenyewe hauna hatia.