Kijana mchora miti na fatwa yangu ya haraka



Wiki hii naomba niandike juu ya kosa langu mwenyewe. Nililifanya mbele za watu, na kosa la hadharani halitengenezwi chumbani.

Katika darsa yetu ya baina ya Maghrib na Isha alikuwa akihudhuria kijana mmoja mchoraji. Kazi yake ilikuwa kunakili kwa mkono, kwa rangi za mafuta, picha za mandhari za wachoraji wa Ufaransa wa karne ya 19, hasa Claude Monet, na kuwauzia watu wanaopamba sebule zao. Usiku mmoja aliniuliza: "Ustadhi, kazi yangu hii ina ubaya?" Sikumuuliza anachora nini. Nilimjibu, "Picha ni haramu na chumo lake ni haramu," nikapita kwenye swali jingine.

Kijana alinitii. Aliuza brashi na fremu zake, akakaa nyumbani. Baada ya miezi miwili mama yake alinisimamisha nje ya msikiti. Hakugomba. "Mwalimu," alisema, "mwanangu amekusikiliza. Sasa tuonyeshe na chumo la halali, maana kodi ya nyumba tulikuwa tunailipa kwa zile picha."

Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa. Nilipoketi sebuleni, macho yakaangukia ukutani. Ilikuwapo picha yangu ya mahafali ya chuo kikuu, nimevaa joho, natabasamu. Najua wanazuoni wamekhitilafiana juu ya picha za kamera. Lakini mimi mwenye roho nilikuwa nimejitundika ukutani kwa raha zangu, na mti wa maskini yule nimeuharamisha bila kuuona! Ndipo nikafungua vitabu, kazi ambayo ningeifanya kabla ya kufungua mdomo.

Katika Sahihi Bukhari yumo mtu aliyemwendea Ibn Abbas (r.a.) akimweleza kuwa maisha yake yanategemea kazi ya mikono yake, naye hutengeneza picha. Ibn Abbas hakumficha. Alimpa onyo alilolisikia kwa Mtume (s.a.w.), kwamba mwenye kuchora picha ataadhibiwa mpaka aitie roho, na hataweza kamwe. Mtu yule akashusha pumzi kwa nguvu na uso ukambadilika. Hapo Ibn Abbas akamfungulia mlango: kama huna budi kufanya kazi hii, basi chora miti na kila kisicho na roho.

Ndugu msomaji, tazama tofauti. Sahaba alisema haki yote, kisha akamwangalia usoni aliyeambiwa. Mimi nilisema nusu, na usoni sikumtazama.

Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas, amepokewa kuwa alichukia kuchora mti wenye matunda, lakini jumhuri ya wanazuoni wameruhusu. Na Msikiti Mkuu wa Damascus, uliojengwa na Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik na kukamilika mwaka 715 hivi, ulipambwa kuta zake kwa vipande vidogo vya vioo vya rangi: miti, mito na majumba, bila mtu wala mnyama. Mandhari ukutani, basi, si jambo la jana.

Sasa tuzitazame hizo picha zenyewe, maana hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu. Monet na wenzake walitoka nje wakachora nuru ya saa ile ile waliyoiona. Walipofanya maonyesho Paris mwaka 1874, mwandishi mmoja wa gazeti aliwakejeli kwa jina la picha moja ya Monet, na jina hilo la kejeli ndilo linalotumika hadi leo. Picha za Monet za bustani yake ya Giverny, zenye mayungiyungi juu ya maji, ni kiasi cha 250. Ni maua, maji na kivuli cha mawingu. Lakini ile ya mwaka 1873 yenye konde la maua mekundu ina wanawake na watoto wanaopita katika majani. Hizi mbili hazina hukumu moja.

Kwa hiyo nasema hivi. Kwanza, mchoraji achague zisizo na viumbe wenye roho, au awaache watu na kubakisha konde.

Pili, aseme kweli. Monet alifariki mwaka 1926 na kazi zake ni ruhusa kunakiliwa, lakini nakala iuzwe kama nakala, na iliyopigwa chapa kwa mashine isiitwe ya mkono. Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni akakuta kimelowa chini, akatamka kuwa mwenye kughushi si miongoni mwetu.

Tatu ni kwetu wanunuzi. Picha isikae mbele ya mwenye kuswali. Mtume (s.a.w.) alilirudisha vazi lenye nakshi kwa sababu lilimshughulisha katika swala. Wala usitundike ukutani pesa ambayo mwenzio anakudai. Qur'an (7:31-32) inatuita kwenye pambo, inakemea israfu, na inamuuliza anayeharamisha pambo la Allah ni nani aliyemtuma.

Wiki iliyofuata nilisema haya yote katika darsa, nikataja kosa langu bila kulizungusha. Kijana alikuwa amekaa nyuma kabisa. Nilipomaliza akauliza kwa upole: "Na brashi nilizouza, Ustadhi?"

Sikuwa na aya ya kumjibu. Nilimnunulia nyingine kutoka mshahara wangu, kwa awamu mbili. Kodi ya miezi ile sijaimaliza.

Enyi walimu wenzangu, Qur'an (16:116) inatukataza ndimi zetu kutamka ovyo kwamba hiki halali na hiki haramu. Neno linatoka kwa sekunde moja, na kuna nyumba inalala njaa kwa ajili yake. Tuulize kwanza, tusome, kisha ndipo tuseme.

Wabillahi tawfiq.