Saa 48

Siku ya nane mfululizo niliyokwenda jimu, kocha alinizuia mlangoni. Akaniuliza jana nilifanya nini. Nikamwambia mabega. Na juzi? Mabega na kifua. "Basi leo nenda kalale," akasema. "Hapa hujengi, unabomoa."

Jimu yenyewe ni ua wa nyuma ya nyumba, Manzese: benchi la mbao, kamba ya kurukia, na mabomba ya chuma ambayo kila ncha yake imezamishwa kwenye kopo la rangi lililojazwa zege. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya falsafa. Tasnifu ilikuwa imekwama, na vyuma vilikuwa kitu pekee kilichonipa hesabu ninayoiona kwa macho: jana mara nane, leo mara tisa. Siku bila vyuma ilikuwa siku isiyo na ushahidi kwamba nimefanya chochote.

Nilirudi chumbani nikasoma, nikitafuta namna ya kumbishia kocha. Sikuipata. Unaponyanyua mzigo mzito, misuli huchoka na baadhi ya nyuzi zake hupata majeraha madogo. Ujenzi huja baadaye. Kwa siku moja hadi mbili baada ya zoezi, mwili hutengeneza protini za misuli kwa kasi kuliko kawaida, mradi umekula na umelala. Ndiyo maana walimu wengi wa mazoezi hushauri kuacha walau saa 48 kabla ya kurudia misuli ileile kwa uzito mkubwa. Nilikuwa nikidhani kupumzika ni malipo ya kazi. Kumbe ni nusu ya pili ya kazi yenyewe. Kiswahili kilishalijua hilo: kupumzika kunatokana na pumzi, na hakuna anayesema mtu avute pumzi baada ya kuistahili.

Ningeweza kuishia hapo na kulala kwa raha. Lakini chumba kile nilikipanga pamoja na kaka yangu, na kaka yangu ni mbeba mizigo katika soko la jumla.

Malori ya viazi kutoka Njombe huingia usiku. Kaka hutoka saa tisa alfajiri na kurudi jua likiwa limekwisha kuinama. Anachobeba ni lumbesa, gunia lililoshindiliwa na kuongezewa kichwa juu mpaka likapita kilo 100, ingawa lumbesa imepigwa marufuku miaka mingi. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 linataja kilo 55 kama kiwango cha kutopitwa kwa mwanamume mmoja. Mimi hunyanyua mara nane, kisha nakaa benchi dakika tatu. Yeye hunyanyua, hukimbia, hushusha, na kurudi kwenye lori. Kama kunyanyua peke yake kungeleta nguvu, kaka angekuwa bingwa wa mji huu. Ana miaka 34, na asubuhi hawezi kuinuka kitandani bila kugeukia ubavu kwanza na kujisukuma kwa mikono.

Ada yangu hutoka kwenye mgongo huo.

Darasani tulikuwa tukimsoma Aristotle, anayesema tunafanya kazi ili tupate wasaa, na kwamba kupumzika si mwisho wa safari bali kunatuandaa kwa shughuli. Nilifurahi kumwona akikubaliana na kocha wa Manzese. Kisha nikakumbuka kwamba ni yeye huyohuyo aliyemwita mtumwa chombo chenye uhai. Wasaa aliousifu ulikuwa na watu chini yake.

Kaka si mtumwa wa mtu, na hapo ndipo swali linapokuwa gumu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 kati ya siku na siku, na saa 24 kila wiki. Lakini sheria hiyo humtafuta mwajiri ili imwajibishe, na kaka hana mwajiri. Hulipwa kwa gunia, leo na huyu, kesho na yule. Hakuna anayemnyima mapumziko. Hakuna pia anayempa. Dalali anataka lori liondoke, mama lishe anataka viazi vya bei nafuu, nami nataka kufanya mtihani.

Jioni moja, akila, nilimweleza habari ya saa 48. Nilimwambia apumzike siku mbili kila wiki, nikamtajia na protini. Alisikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, kisha akauliza, "Hizo siku mbili, dogo, nani ananyanyua?"

Sikuwa na jibu. Vyuma vyangu vinanisubiri. Nikipumzika wiki nzima nitavikuta palepale uani, na hakuna atakayekuwa amechukua nafasi yangu. Gunia halisubiri. Tunasema mchumia juani hulia kivulini, tukimfikiria mtu mmoja, leo kwenye jua na kesho kwenye kivuli. Nyumbani kwetu walikuwa watu wawili, kwa saa ileile.

Niliwahi kufikiri dawa ni kuikataa fedha yake. Lakini sokoni anawaambia wenzake kwamba mdogo wake anasoma masters, na husema hivyo huku gunia liko mgongoni. Kumrudishia fedha hiyo kungekuwa kumtukana. Na mimi nikijinyima usingizi, yeye halali zaidi. Hatia haipumzishi mgongo wa mtu mwingine. Nilichokopa ni saa, na nimeamini kwamba saa hulipwa kwa saa, si kwa shukrani.

Sasa Jumamosi nafundisha tuisheni watoto wa kidato cha pili. Malipo yake yanakaribia siku moja ya magunia, nami humkabidhi kaka kwa sharti kwamba Jumapili haendi sokoni. Jumapili ya kwanza hakujua afanye nini. Alifua, akakaza bawaba ya mlango, na saa sita mchana akalala mkekani kama aliyeangushwa. Jumapili ya tatu simu ililia: lori limefika. Akaitazama, akanitazama, akaiacha ilie mpaka ikanyamaza. Ilipolia mara ya pili alivaa shati akatoka.

Saa 24 si 48, na hata hizo hazina uhakika. Lakini daftari langu la mazoezi lina safu mpya pembeni ya seti zangu. Humo naandika Jumapili alizobaki nyumbani. Zimefika 11.